Spika Iliyomhamisha Mzee Hamira

Kila Jumatano, akishatoka shuleni na kuvua sare, Kengele alipanda ngazi za mbao nyuma ya shangazi yake mpaka ofisi ya Umoja wa Wafanyabiashara. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi na misumari. Ilikuwa na meza moja, viti vya plastiki vilivyopauka, kabati lisilofungika vizuri, na juu ya meza, kikiwa kimefunikwa kitambaa kama mtoto aliyelala, kipaza sauti. Waya wake ulitokea dirishani ukapanda hadi kwenye spika mbili zilizofungwa juu ya paa. Spika hizo zikiongea, mtaa mzima wa maduka ulisikia, kuanzia duka la dawa mpaka geti la shule.

Shangazi alikuwa fundi cherehani, tena katibu wa umoja. Yeye ndiye aliyesoma habari za mtaa: nani amefungua duka jipya, maji yatakatika lini, mbuzi wa nani ameonekana akila mboga za watu. Kengele, msichana wa miaka kumi na miwili, alikaa pembeni akikitamani kile kipaza sauti. Jina hilo alipewa na mwalimu wake wa darasa la kwanza, aliyesema kwamba mtoto huyu akiwepo, shule haina haja ya kununua kengele.

Wiki ile mtaa ulikuwa haukaliki kwa furaha. Tangu barabara kuu mpya ipite mbali na mji, wateja walikuwa wamepungua, na wenye maduka walishinda wakipiga miayo mbele ya bidhaa zao. Basi umoja ukaitisha kikao, watu wakabishana mpaka makoo yakakauka, hatimaye wakakubaliana. Jumamosi magari hayatapita mtaani. Kila duka litatoa bidhaa nje, meza zitapangwa mstari mmoja katikati ya barabara, na juu ya meza hizo utalazwa mkate mrefu kupita wowote uliowahi kuonekana pale. Wageni walikuwa wamealikwa kutoka vijiji na miji ya jirani.

Kazi ya kuuoka mkate huo, kipande kwa kipande na kuviunga, ilikuwa ya Mzee Hamira, mwoka mikate. Jina lake la utani lilitokana na tumbo lake ambalo, kama mwenyewe alivyosema huku akilipigapiga, liliumuka mwaka hadi mwaka.

Bahati ya Kengele ililetwa na mafua. Sauti ya Shangazi ilikauka, ikabaki mluzi tu, na daktari akamwambia anyamaze kabisa. Jumamosi iliyotangulia ile ya sherehe, kukiwa na matangazo ya ziada, Shangazi alimkabidhi Kengele karatasi ya matangazo, akamwonyesha kiti kwa kidole. Kengele akasoma. Watu wakatoka madukani kuangalia juu. Kinyozi alimwacha mteja amenyolewa nusu kichwa.

"Huyu si mtoto, ni redio kamili!" mtu alipiga kelele kutoka chini.

Kengele alishuka zile ngazi kichwa kimemvimba. Siku tatu zilizofuata alitembea mtaani akisalimiwa kama waziri.

Ikafika Jumatano. Alikuwa njiani kwenda ofisini, peke yake kwa sababu Shangazi alikuwa ameenda tena zahanati, mara Wembe akamdaka kwenye kona. Wembe alikuwa mtoto wa kinyozi, na walisoma darasa moja.

"Umesikia?" aliuliza huku akihema. "Mzee Hamira anafunga duka. Anahama!"

"Nani kasema?"

"Nani aseme tena? Njoo ujionee."

Wakakimbia. Kweli, kibao cha duka kilikuwa kimeng'olewa, ukutani pamebaki alama nyeupe na misumari miwili. Vioo vilikuwa vimezibwa kwa magazeti ya zamani. Kengele akachungulia kwenye upenyo, akaona tanuri limeachama kama mdomo usio na meno. Mlango wake haukuwepo. Hata ile harufu ya mkate, iliyomfanya kila mtu amezee mate akipita pale, ilikuwa imetoweka.

"Mlango wa tanuri umeondoka na mkokoteni mchana, baba kauona," alisema Wembe. "Mtu anayebaki atang'oa mlango wa tanuri?"

Kengele akainua mkono abishe hodi. Ndani kulisikika mtu akikohoa, bila shaka msaidizi wa mzee. Lakini mkono ukasita hewani. Habari ilikuwa tamu mno. Je, akiuliza halafu aambiwe si kweli? Akaushusha mkono polepole, akageuka, akakimbilia ofisini.

Karatasi ya Shangazi ilikuwa chini ya kipaza sauti. Kengele akasoma yote yaliyoandikwa: meza zitoke saa ngapi, watoto wasipande juu ya spika, aliyeokota funguo azilete kwenye duka la rangi. Alipofika mwisho wa karatasi, hakunyamaza.

"Na sasa ndugu wasikilizaji, habari motomoto iliyotufikia dakika hii! Mzee wetu Hamira amefunga duka na anauhama mji! Tanuri limeshang'olewa! Tunamtakia safari njema!"

Mtaa ukalipuka. Milango ilifunguka, watu wakaitana, wengine wakashika vichwa. "Na mkate wa Jumamosi je?" "Jamani, hata kuaga?" Dirishani, Kengele alitazama zogo lile, moyo ukimdunda kwa raha. Yeye ndiye aliyelianzisha, kwa mdomo wake mwenyewe!

Raha haikudumu. Ngazi zililia kwa uzito, na mlangoni akasimama Mzee Hamira, jasho likimtiririka, aproni imejaa masizi.

"Shikamoo, mzee," Kengele alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia ninahama." Mzee alivuta kiti akaketi. "Nimekuja kuuliza ninahamia wapi, ili nijue kama nifungashe makoti au nguo nyepesi."

Kengele alitamani sakafu ipasuke immeze.

"Nilikuwa kwa fundi wa kuchomelea," mzee aliendelea, sasa bila mzaha. "Mlango wa tanuri ulikuwa mdogo, haupitishi sinia za ule mkate. Nimeupanua. Kibao kiko kwa mchoraji, nacho kinapakwa rangi mpya. Vioo nimeziba ili mtaa mzima ushangae Jumamosi. Nikirudi na mkokoteni wangu, kila mtu ananipa pole. Mmoja ameniuliza kama chumba changu kinapangishwa!"

Kabla Kengele hajajibu, Fundi Saa akaingia. Yeye ndiye mwenyekiti wa umoja, na ingawa alitengeneza saa za mji mzima, hakuwahi kufika popote kwa wakati. Leo alikuwa amewahi, na uso umekunjamana. Nyuma yake akaja Shangazi na chupa ya dawa, kisha Wembe.

"Katibu," alisema Fundi Saa, "tangazo hili linatoka kwako. Umeandika uongo juu ya mwanachama mwenzetu. Utajibu kikaoni."

Shangazi akafungua mdomo. Mluzi ukatoka. Akajaribu tena, akashika koo, macho yakamjaa mshangao na uchungu.

Wembe akamsogelea Kengele sikioni. "Sema iliandikwa. Karatasi ichane tu. Shangazi yako hataweza kubisha, sauti hana."

Ni kweli, hakuwa na sauti. Kengele alimtazama, akamwona mtu mzima mwenye haki zote, anayenyamazishwa mbele ya watu kwa kosa lisilo lake.

"Hakuandika yeye," alisema. "Ni mimi. Niliona kibao hakipo, nikafika mpaka mlangoni, nikaacha kubisha hodi. Niliogopa nikiuliza, habari itaniharibikia. Nisamehe, mzee. Nisamehe, shangazi."

Kengele hakungoja wamwambie la kufanya. Alikivuta kipaza sauti.

"Ndugu wasikilizaji, ni mimi Kengele. Habari ya Mzee Hamira ni ya uongo, nimeitunga kwa kutazama ukuta. Hahami. Yuko hapa nami. Kosa ni langu, si la katibu."

Chini watu wakaguna, wengine wakacheka. Mara sauti kali ikapaa juu ya zote. Ilikuwa ya Mama Unga, mwenye duka la nafaka, akija mbio huku kilemba kimemfunguka.

"Mtoto wewe, umenimaliza! Unga wote wa ngano wa Jumamosi nilikuwa nimemtunzia Hamira. Kusikia anahama, nikamuuzia mama mmoja mgeni mwenye lori. Ndiyo kwanza ameondoka! Na unga mwingine hauingii mpaka wiki ijayo!"

Mzee Hamira alishika meza. "Bila unga hakuna mkate," alisema taratibu, "na bila mkate tunawaita wageni waje kutazama meza tupu."

"Likoje hilo lori?" Kengele aliuliza.

"La bluu, lina turubai la kijani."

Kengele akageukia tena kipaza sauti. "Nani ameliona lori la bluu lenye turubai la kijani? Tafadhali, aje chini ya dirisha sasa hivi!"

Wakaja mbio.

"Limeshika njia ya barabara kuu!" alisema muuza viatu.

"Umeliona kwa macho yako, baba?"

"Aa, nimesikia wakisema."

"Limevuka daraja zamani," alisema mwingine.

"Umeliona?"

"Si lazima litakuwa limevuka?"

Kengele alitikisa kichwa. Mguu ulikuwa unamwasha kukimbia, popote pale, lakini akajizuia. Ndipo binti wa fundi matairi akafika kwa baiskeli, mikono myeusi ti kwa grisi.

"Lori liko kwetu! Tairi la nyuma limepata pancha, nimelifungua mimi mwenyewe. Lakini baba anamalizia kulirudisha. Fanyeni haraka!"

Basi hapo palikuwa na mbio! Kengele mbele, Mama Unga akifuata na kilemba mkononi, Wembe, Fundi Saa, na Mzee Hamira nyuma kabisa, tumbo likiruka kushoto na kulia. Mbwa wakabweka. Wateja wakatoka kwa kinyozi na sabuni usoni, wakajiunga bila kujua wanakimbilia nini.

Jeki ilikuwa inashushwa walipofika. Mwenye unga, mwanamke mrefu mwenye miwani, alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye lori.

"Shikamoo, mama! Tafadhali, ngoja!" Kengele akamweleza yote bila kuficha neno, hata lile la kuogopa kubisha hodi.

Mama yule akavua miwani. "Kwa hiyo mali niliyonunua na kupakia ipakuliwe kwa sababu ya mdomo wako?"

"Ndiyo, mama. Na nitaipakua mimi mwenyewe."

Mwanamke akacheka. "Watoto wangu wangesema spika iliharibika. Sikilizeni. Mimi nauza sufuria na vyombo. Nirudishieni pesa yangu, mnipe na meza Jumamosi, nami nitauacha unga."

"Sheria za umoja haziruhusu wageni kuuza hapa," Fundi Saa alianza.

"Mwenyekiti!" watu wote wakamkemea kwa pamoja.

"Ndiyo nasema, tutazibadilisha," alimalizia haraka.

Magunia yakashuka. Kengele alibeba kadiri mgongo ulivyoweza, mpaka nywele zikawa nyeupe kama za bibi kizee. Jioni ile na siku mbili zilizofuata, akitoka shule alipaka mafuta sinia, alifagia masizi, na alipita duka hadi duka akirekebisha habari yake. Wembe alimfuata. Alisema amekuja kwa ajili ya makombo, lakini hakuna aliyefanya kazi kumzidi.

Jumamosi mtaa ulijaa kama bakuli la uji. Wageni walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa mabasi. Magazeti yalipobanduliwa na kile kibao kipya kikaonekana, rangi nyekundu na ya dhahabu, watu walipiga vigelegele. Kisha mkate ukatoka, ukibebwa mabegani, sinia baada ya sinia, ukaungwa mezani mpaka ukapita duka la viatu, ukapita kwa kinyozi, ukafika karibu na geti la shule, bado una moto. Mama wa sufuria aliuza vyombo vyake vyote kabla ya adhuhuri.

Kengele alikuwa amekaa kwenye ngazi za ofisi, hataki kupanda. Shangazi akaja kukaa karibu naye. Sauti ilikuwa imeanza kurudi, nzito na yenye mikwaruzo.

"Mbona huko juu hakuna mtu wa kutangaza?"

"Watu hawataniamini tena, shangazi."

"Wengine hawatakuamini leo. Utawarudisha polepole, habari moja baada ya nyingine." Shangazi alimpangusa unga nyuma ya sikio. "Sikia, mwanangu. Kupenda habari si kosa, na sauti yako kubwa si kosa. Kosa lako ni kwamba ulisimama mbele ya mlango wenye ukweli, ukaamua usibishe. Neno likishapanda kwenye spika linaingia dukani na jikoni kwa watu, linauza unga wao na kuwanyima usingizi. Kwa hiyo kabla ya kusema, uliza. Na ukikosea, sema umekosea siku ile ile, kama ulivyofanya Jumatano. Pale ndipo niliposema moyoni kwamba huyu kiti nitamwachia. Kubisha hodi hakuchoshi kama kukimbiza lori, au vipi?"

Kengele akacheka huku machozi yakimlengalenga.

"Haya, panda," alisema Shangazi. "Kuna mtoto mdogo amepotea, yuko kwa kinyozi, analia."

Kengele akasimama, akashika ukingo wa ngazi, kisha akageuka na kuanza kuteremka.

"Unakwenda wapi tena?"

"Kwa kinyozi, shangazi," alijibu, tayari anakimbia. "Nikamuulize jina lake kwanza."