Picha ya Kathure Isiyo na Rangi

Jumapili hiyo watu walifurika kwenye jumba la sinema la Fort Worth, Texas. Katika ukumbi mdogo wa nyuma, palipoonyeshwa filamu kuukuu ya Waingereza, waliingia wawili tu: Kathure, nesi wa mji jirani wa Euless aliyevaa gauni la manjano, na Mwenda, mchoraji anayepakia mizigo uwanja wa ndege ili apate kula.

Filamu yenyewe ilikuwa ya bei ya chini, nyeusi na nyeupe. Wachoraji wawili wanapendana, na ngazi iliyokuwa London dakika chache baadaye ikawa Paris.

"Si hiyo ngazi tumeiona?" Mwenda alijisemea.

"Na hicho chungu cha maua pia," sauti ya kike ikamjibu.

Aligeuka kwa mshtuko. Hakuwa amesikia Kiswahili wiki nzima.

Tangu siku hiyo simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?" Mwenda angeuliza.

"Nimekula mkate, babe. Niko break."

"Mkate tu? Nita-drive nikuletee chapati."

Mapenzi yakamlevya Mwenda. Akamchora Kathure kwa nyeusi na nyeupe, kama wale wa kwenye filamu, akaituma picha kwenye kikundi cha WhatsApp cha Wakenya wa Texas. Chini akaandika: "Kathure wetu."

Jamani, Mwenda! Nani asiyejua picha ya namna hiyo hutumwa kwa ajili ya nani? Papo hapo rambirambi zikamiminika: "Poleni sana." "Apumzike kwa amani." Pasta wa kule DeSoto akatangaza maombi. Kathure alipotoka wodini na kuwasha simu, mama yake kule Nkubu, Kenya, alikuwa ameshatumiwa picha hiyo akazirai, na majirani wanafunga turubai uani.

"Kath, nilitaka tu wakuone ulivyo mrembo..."

"Mami amenililia nikiwa hai! Usinipigie tena."

Mwenda akahamia Houston. Kathure akabaki na zamu zake, na upweke ukamkaba. Alikula mkate amesimama jikoni. Kikundi kizima kilimwomboleza, lakini aliyekuwa akimuuliza kama amekula alikuwa mmoja tu, na huyo alimfukuza mwenyewe. Alilia mpaka kichwa kikamuuma.

Miezi ikapita. Siku moja mama yake akapiga simu.

"Yule kijana wa picha yuko wapi?"

"Nilimkataza asinipigie, Mami."

"Alinitoa roho, kweli. Lakini hiyo picha bado naiangalia kila siku. Huyo anakupenda. Mwambie aitie rangi, nikuone ukiwa hai, kisha ailete hapa mwenyewe. Na aje na wazee wake."

Kathure alipomaliza na mama yake, akapiga simu Houston.

"Mwenda."

"Kath? Ni wewe?"

"Umekula?"

Akasikia mwanamume analia.

"Bado," alisema Mwenda.

"Basi njoo tule. Uje na picha. Mami anataka uitie rangi, gauni liwe la manjano."

"Nilishaitia, Kath. Sikuwa na mtu wa kumwonyesha."