Bila Kuuliza

Gari lile lilifika gereji moja ya Majimbo, Embu, saa tatu asubuhi bila mtu kupigiwa simu. Wawira alikuwa amelala chini ya pikapu ya mteja, kwa hivyo aliona magurudumu kwanza. Nyuma ya rimu kulikuwa na diski za breki za kaboni, nyeusi, zisizong'aa kama chuma, ambazo maishani mwake alikuwa ameziona kwenye picha za chuoni tu. Alijikuta ametoka chini ya pikapu kabla hajaamua kutoka.

"Natafuta fundi wa breki anayeitwa Wawira," mgeni akasema. Alikuwa kijana mrefu aliyevaa sweta nzito, na jua la Embu lilikuwa limeshapamba moto. "Nimeambiwa ni mkali."

"Na nani?"

"Na kila fundi aliyekataa kugusa hili gari."

Wawira alicheka, akafuta mikono kwenye ovaroli yake ya buluu na kukaza kilemba cha kitenge. Kijana aliitwa Kathuri, mtoto wa mkulima wa viazi kutoka Kibirichia, kwenye baridi ya mlimani. Gari hilo la mashindano alilinunua kwa mhandisi aliyekuwa akihama nchi, na ili alinunue aliuza kipande cha shamba alichorithi. Tangu siku hiyo baba yake hakumsemesha. Sasa timu ya mashindano kutoka Afrika Kusini ilikuwa inakuja kuchagua dereva mmoja wa kuchukua kwa miaka miwili, na Kathuri alitaka kujua kama breki zake zingefika siku hiyo.

Diski ya chuma hupimwa unene, lakini ya kaboni hupimwa uzito, kwa sababu huliwa na moto kutoka ndani huku kwa nje ikionekana nzima. Uzito wa chini kabisa ulikuwa umechongwa kwenye diski yenyewe: kilo tano na gramu mia saba. Gereji haikuwa na mzani. Wawira aliifungua diski ya mbele kushoto, akaikumbatia na kuvuka barabara hadi kwenye bucha ya Gachoki.

"Nikukatie na mfupa?" Gachoki akauliza, akiitundika kwenye ndoano.

Mshale ulisimama kwenye kilo tano na gramu mia tisa. Kathuri alifurahi hadi akanunua nyama ya kuchoma ya watu wawili, na Wawira hakukataa.

Baada ya hapo simu zilianza. Kila jioni Kathuri alipiga kutoka Kibirichia, yeye akiuliza Wawira amekula nini, Wawira akiuliza breki zimeshikaje kwenye baridi. Jumapili aliteremka Embu. Alipomwona mara ya kwanza amevaa rinda la manjano alisema hakujua fundi ana magoti. Wawira alimpiga na mkoba, na wakatembea wameshikana mikono hadi sokoni na kurudi, bila kununua kitu.

Lakini kadiri siku ya majaribio ilivyokaribia ndivyo Wawira alivyokosa usingizi. Jumapili moja akamwambia afunge diski za chuma.

"Chuma ni kizito karibu mara mbili," Kathuri akasema. "Na kikipata moto sana kinalegea."

"Kikilegea kinakwambia. Gari linatetemeka, pedeli inashuka. Kaboni inakutumikia kimya mpaka siku inapokuacha."

"Nikifunga chuma nitachelewa sekunde mbili kila raundi. Hawachukui mtu wa sekunde mbili, beib."

"Basi wasikuchukue."

Kathuri alimgeukia. "Kumbe si breki. Unataka nibaki."

"Nataka ubaki," Wawira akasema. Hakujua kudanganya, na hilo ndilo lililomponza. "Na bado nasema chuma."

Waliagana vibaya. Siku nne baadaye wakaguzi wa mizani walipita Majimbo, wakaufunga mzani wa Gachoki. Springi yake ilikuwa imechoka, ikiongeza karibu nusu kilo kwenye kila kilo tano. Gachoki mwenyewe alishika kichwa, akaapa hakujua. Wawira alisimama mlangoni mwa bucha, akapiga hesabu. Ukitoa ile nusu kilo, diski ya Kathuri ilikuwa imeshuka chini ya mpaka wake kitambo.

Alimpigia papo hapo. Kathuri alimsikiliza hadi mwisho.

"Jumapili ulitaka nibaki," akasema polepole. "Leo mzani ni mbovu."

"Pima kwingine, tafadhali."

"Nimeshapima. Mzani wa broka wa viazi ulisema tano na gramu mia nne."

"Sasa si unaona?"

"Wawira, ule mzani umemwibia baba yangu miaka ishirini. Nimeongeza kile huwa unaiba, nikapata ile ile tano mia tisa."

Mzani wa tatu Kathuri hakutaka hata kuusikia. Mzani mmoja uliongeza, mwingine ulijulikana kwa kupunguza, na katikati yao alikuwa mwanamke aliyekiri mwenyewe kwamba hataki mtu wake aondoke. Nani angemwamini?

Kesho yake alifunga gereji akapanda hadi Kibirichia, amevaa rinda lile la manjano, koti la kuazima juu yake. Ukungu ulikuwa umeshika mashamba. Alimkuta Kathuri uani anaosha gari. Hakumwomba afunge chuma tena wala hakulia.

"Nataka kitu kimoja kidogo," akasema. "Siku hiyo nitashika ubao wa ishara kando ya njia. Nikiuinua, uache njia, uingie nilipo. Mara moja tu. Na usiniulize kwa nini, kwa sababu huenda nisiwe na jibu."

Kathuri alikamua kitambaa hadi kikaacha kudondosha maji. "Utauinua tu kama kuna kitu?"

"Nitauinua tu kama kuna kitu."

"Nitaingia, na sitauliza. Nakuahidi."

Majaribio yalifanyika kwenye kiwanja cha zamani cha ndege huko Mbeere, lami ikitoa mvuke wa joto. Raundi zilikuwa kumi na mbili, na dereva asiyemaliza hakuhesabiwa. Kufikia raundi ya tisa, Kathuri alikuwa mbele ya wote, na mzee mmoja wa ile timu alikuwa ameacha kutazama magari mengine kabisa. Wawira alimwona akitabasamu. Akajua tayari amempoteza Kathuri, na bado moyo wake ulijaa fahari hadi ukauma.

Kwenye raundi ya kumi, gari la Kathuri lilipofunga breki kwenye kona ya mwisho, uzi mwembamba wa moshi ulitoka gurudumu la mbele kushoto. Ungeweza kuwa wa pedi ya breki tu. Ungeweza kuwa vumbi. Gari lilikuwa linakuja, injini ikilia, na Wawira alikuwa na sekunde tatu.

Aliinua ubao.

Hata baadaye hakujua mkono ulioinua ulikuwa wa fundi au wa mpenzi. Alitamani Kathuri apite tu, amvunjie ahadi. Lakini taa za kando zikawaka, gari likapunguza mwendo, likaacha njia na kuja kusimama mbele yake. Gari la pili likapita likinguruma. La tatu likafuata.

Wawira alipiga magoti, akamulika tochi nyuma ya rimu. Diski ilikuwa nyeusi, nzima, haina ufa wala alama. Haikumwambia kitu. Alipoinuka, yule mzee alikuwa amegeuza kiti chake, anaandika jina la mtu mwingine.

Kathuri alivua helmeti. Macho yake yalikuwa mekundu, na midomo ilifunguka kama ya mtu mwenye neno. Wawira alisubiri lile swali, akilitamani na kuliogopa.

Kathuri alifunga mdomo. Akazima injini, akashuka, akampa helmeti amshikie, akaketi chini kando yake kwenye lami ya moto.