Koti la Protokoli

Clothilde alikuwa ameshafumua bitana ya koti upande wa kulia. Pini nne zilikuwa mdomoni mwake. Mume wake, Zéphyrin, alisimama mbele yake mikono juu, kama bwana harusi anayepimwa suti.

"Kata hapa," Zéphyrin alisema, akigusa kiuno. "Mpasuo uwe mrefu, bastola ionekane. Mtu mbaya akifika mlangoni, aione, aogope, arudi alikotoka."

Clothilde alitoa pini mdomoni. "Na mtu mzuri akiiona?"

"Mtu mzuri atafurahi."

"Mama Anastasie naye atafurahi? Yule anayeogopa hata puto likipasuka?"

Zéphyrin alitaka kucheka, akajizuia.

Koti lilikuwa la buluu nzito, lenye vifungo vya rangi ya dhahabu. Yalikuwepo sita ya namna hiyo, makoti ya protokoli. Katika makanisa ya Wakongo, protokoli ndio wanaopokea watu mlangoni, kuwaonyesha viti na kutunza utulivu. Zéphyrin alikuwa mkuu wao katika kanisa dogo la Grand Prairie, huko Texas, Marekani. Kanisa hilo lilikodi ukumbi kati ya duka la matairi na dobi. Siku za kazi Zéphyrin alipakia maboksi ghalani. Jumapili alivaa koti lake, na hata mwendo wake ulibadilika.

Ulikuwa mwaka 2003. Wiki hiyo televisheni ilikuwa imeonyesha habari mbaya. Katika jimbo jingine, mtu aliingia kanisani na kuwapiga waumini risasi. Kesho yake Zéphyrin alinunua bastola.

Clothilde alijua sababu. Miaka saba nyuma, kule kwao upande wa Uvira, watu wenye bunduki waliingia kanisani wakati wa ibada. Zéphyrin alitoka hai. Dada yake, Gaudence, hakutoka.

"Sitasimama tena mikono mitupu," Zéphyrin alizoea kusema.

Clothilde aliendelea kukata. Lakini kila mkasi ulipouma kitambaa, aliona kama anamshonea mume wake sanda.

Mlango uligongwa. Alikuwa Mansour, jirani yao wa ghorofa ya juu. Mansour alitoka Mombasa. Kwa miaka tisa alikuwa mlinzi katika hospitali moja ya Dallas. Alikuwa Mwislamu. Krismasi alikula kwao, na Idi wao walikula kwake.

"Hodi, shemeji! Sufuria yako hii."

"Karibu, Papa Mansour. Ninyi watu wa pwani mnarudisha sufuria tupu?"

"Si tupu. Harufu ya pilau imo ndani."

Clothilde alicheka. Mansour hakucheka naye, kwa kuwa alikuwa ameona mpasuo wa koti, na mezani boksi la bastola. Aliuliza polepole, "Ndugu yangu, leseni unayo?"

"Nime-apply. Bado haijatoka."

"Basi kesho huwezi kuivaa kanisani. Na hata ikitoka, sheria ya hapa Texas inataka mwenye leseni aifiche. Haitakiwi kuonekana. Tena mwenye ukumbi anaweza kuikataza kabisa. Umemuuliza?"

"Hapana." Zéphyrin alishusha mikono. "Bon, tuache sheria kidogo. Wewe ni mlinzi. Niambie kitu kimoja. Risasi zikilia, bastola inayoonekana inasaidia au inaharibu?"

Mansour alivuta kiti akakaa. Hakuwa mtu wa kujibu haraka.

"Nimesikia habari ya mtu mwenye silaha aliyemzuia muuaji. Imewahi kutokea, sitakudanganya. Nimesikia pia habari ya aliyepigwa na wale wale waliokuja kusaidia. Kwa hiyo sitakuhubiria. Kwaya iko kwenye mazoezi sasa hivi, sivyo? Twende tujaribu. Shemeji, una sponji za kuoshea vyombo?"

Saa tisa alasiri walifika ukumbini. Walikuwepo watu kumi na wanne wa kwaya, na watoto wao. Mansour alijaza ndoo maji, akatia sponji ndani.

"Sponji hii ndiyo bastola," alisema. "Ukiirusha, umepiga. Ukilowa, umepigwa. Kila mwenye silaha ana sponji tatu, ila mshambuliaji ana kumi."

Heritier, mdogo wake Clothilde, alipewa kazi ya kuwa mshambuliaji. Zéphyrin na mwenzake Godefroid walivaa makoti ya protokoli, wakaweka sponji kwenye mikanda, zionekane. Bibiche, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alitolewa nje awe polisi. Mansour alimnong'oneza, "Umepigiwa simu. Umeambiwa mwanaume mwenye koti jeusi anapiga watu. Hujui zaidi ya hapo."

Kwaya ilianza kuimba. Heritier aliingia na koti lake jeusi. Macho yake yalitua kwenye mkanda wa Zéphyrin. Kabla Zéphyrin hajagusa sponji, maji yalimpiga kifuani. Watoto walipiga kelele za furaha, na Heritier akaendelea kurusha.

"Kwa nini umeanza na yeye?" Mansour aliuliza.

"Shemeji ndiye niliyemwona ana silaha," Heritier alisema. "Nimwache anipige?"

"Rudia!" Zéphyrin alisema. "Sikuwa tayari."

"Hakuna atakayekuwa tayari, lakini sawa. Turudie. Safari hii kaa katikati ya watu."

Waliimba tena. Heritier aliingia, akarusha. Watu waliruka juu ya viti, wakakimbilia nyuma. Zéphyrin alichomoa sponji, akalenga, akarusha. Mama Anastasie alipita mbele.

"Eh, Zéphyrin!" Mama Anastasie alipaza sauti, maji yakimchuruzika shingoni. "Mimi nimekukosea nini?"

Godefroid, ambaye safari hii alikuwa ofisini, alitoka mbio. Alichoona ni mtu aliyempa mgongo, mkono juu, sponji mkononi. Alirusha. Sponji ilimpata Zéphyrin mgongoni. Wakati huo huo Bibiche aliingia kwa mlango wa mbele. Aliona wanaume watatu wenye makoti ya giza. Alisita kidogo, kisha akampiga Godefroid. Heritier alibaki mkavu, hajaguswa hata tone.

Wengine walicheka sana. Clothilde hakuweza. Alimwendea mume wake, akaweka kiganja kwenye doa la maji mgongoni. Lilikuwa baridi, tena lilikuwa upande wa moyo.

"Sponji si bastola," Zéphyrin alisema taratibu. "Mimi ningejifunza kulenga."

"Kweli," Mansour alisema. "Mchezo wetu hauthibitishi kila kitu. Lakini polisi hujifunza miaka mingi, na katika vurugu bado hukosa. Na koti lako halina maandishi ya kusema wewe ni mtu mwema."

Hapo sauti ya mtoto ilisikika kutoka nyuma. "Mama, mlango haufunguki!"

Alikuwa Rosette, binti wa Clothilde. Watoto wanne walikuwa wamebanana kwenye mlango wa nyuma. Mnyororo ulipita kwenye chuma cha kusukumia, na kufuli juu yake.

Mansour aliugusa mnyororo. "Nani aliyefunga?"

Watu walisogea karibu.

"Mimi," Zéphyrin alisema. "Kila mahubiri yakianza, naufunga, na Jumapili iliyopita sikuufungua. Watoto hutoka kwenda kwenye magari. Na wanaochelewa huingia huku na kuvuruga watu."

Aliwatazama watoto, kisha mnyororo. Clothilde alimsogelea karibu.

"Siku ile kwetu," Zéphyrin alisema, "hakuna aliyelilia bunduki. Watu walilia mlango. Gaudence alikuwa nyuma, anausukuma, haufunguki." Alitoa funguo mfukoni. Kufuli alilifungua mwenyewe. "Wapendwa, nilikosea. Mnisamehe."

Hakuna aliyecheka. Clothilde alimtazama mume wake akiwa amelowa mbele na nyuma, na hakuwa amewahi kumwona mkubwa namna ile.

"Basi turudie mara ya tatu," Mansour alisema kwa upole. "Protokoli hawana sponji. Ukiona hatari, piga kelele, watu watoke. Asiyeweza kutoka ajifungie chumbani, azime taa, anyamaze. Ukishakuwa salama, piga 911, namba ya dharura. Polisi wakifika, mikono iwe juu, mitupu."

Heritier aliingia. Godefroid alipaza sauti, "Tokeni nyuma!" Zéphyrin aliusukuma mlango kwa bega, akaushikilia wazi. Alipitisha watoto kwanza, akiwahesabu kwa kuwagusa vichwa. Kisha Mama Anastasie. Yeye mwenyewe alitoka wa mwisho.

"Sekunde ishirini na nane," Mansour alisema, akitazama saa. "Waliolowa wangapi?"

"Wawili," Heritier alisema. "Mara ya kwanza na ya pili niliwapata saba saba."

"Wawili si sifuri," Mansour alisema. "Lakini waliobaki wako nje. Haya, Papa Zéphyrin, mko nje. Unapiga 911. Unawaambia mko wapi?"

"Kwa matairi."

"Barabara gani? Namba gani?"

Zéphyrin alimtazama Godefroid. Godefroid alimtazama Bibiche. Watu wote walipaita mahali pale "kwa matairi", miaka minne sasa. Mama Anastasie ndiye aliyeanza kucheka, na safari hii hata Clothilde alicheka mpaka machozi.

Jioni, kabla jua halijazama, mnyororo ulikuwa kwenye pipa la taka. Bastola ilikuwa kwenye sanduku la chuma, ndani ya kabati, imefungwa. Walikubaliana kwamba kuanzia kesho Mama Anastasie atakaa karibu na mlango wa nyuma, awazuie watoto, na mlango usifungwe tena kamwe.

Clothilde alirudi kwenye koti. Aliuziba mpasuo kwa uzi wa buluu, mshono mdogo mdogo, usionekane. Kisha ndani, juu ya mfuko wa simu, alianza kutarizi anwani ya ukumbi kwa uzi mweupe.

Zéphyrin alikaa kando yake, akimshikia taa. "Herufi ziwe kubwa," alisema. "Mtu mwenye hofu haoni vizuri."

"Nimeshamaliza namba," Clothilde alisema. "Jina la barabara ni refu. Na makoti mengine matano yanangoja."

"Hilo langu litavaliwa hivyo hivyo kesho. Namba imo, na jina la barabara nimeshalikariri. Baada ya ibada nitakutungia uzi kwenye sindano."

Clothilde alichomoa sindano katikati ya herufi, akalitundika koti nyuma ya mlango.