Uvimbe Usiouma

Fundi cherehani yule hakukosa maneno hata siku moja. Lakini mwezi ule alikuwa kimya. Mumewe akimuuliza, anajibu amechoka tu. Kumbe titi lake la kushoto lilikuwa na uvimbe, na blauzi ilianza kumbana upande ule. Alifanya nini? Alifumua mshono, akaongeza kitambaa. Jamani, woga!

Jumamosi wifi yake, dada wa mumewe, alikuja kupimwa gauni. Nyumbani walimwita Mama Vifaranga, maana zamani kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi kifaranga anavyojijenga ndani ya yai. Siku hizi anatafiti saratani ya matiti.

"Wifi, blauzi yako imekwenda upande," akasema. "Fundi gani wewe?"

Fundi akaangua kilio. Akaushika mkono wa wifi yake, akauweka juu ya uvimbe.

"Hauumi," akasema. "Si kitu, eti?"

"Usingoje mpaka uanze kuuma. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni."

"Mungu wangu! Nimekwisha!"

"Sijasema ni saratani. Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Ila kwa macho huwezi kujua, lazima upimwe."

"Watu wanasema uvimbe ukichomwa sindano ya kupima, unasambaa."

"Watu wanasema mengi. Nisikilize. Mle ndani ya yai niliona seli, vile vijichembe vinavyojenga mwili. Zinaongezeka, zinahama, zikifika mahali pake zinatulia. Nikajiuliza, zisipotulia je? Saratani ndiyo hiyo. Na titi hujijenga upya kila mwanamke anapobeba mimba, seli zake zikiongezeka kama za kifaranga. Ndipo nikaacha mayai, nikahamia huku. Sindano ya kupima haizifundishi kuhama, wifi yangu. Kukaa kimya ndiko kunakozipa nafasi."

Jumatatu wakaenda hospitali. Mlangoni fundi akasimama. Akamtazama wifi yake, akaona midomo inamtetemeka.

"Hata wewe unaogopa?"

"Naogopa sana. Tena mimi najua ninachokiogopa. Twende."

Majibu yakaja: ni saratani, lakini haijasambaa. Akapasuliwa, akapewa dawa kali. Nywele zikanyonyoka. Alitapika, akalia, akamtukana kila mtu pale nyumbani, lakini tiba hakuiacha.

Ilipokwisha, daktari akampima tena. Hakuona dalili yoyote, akamwambia asiache kurudi kupimwa. Mumewe alikuwa nje kwenye benchi. Hofu ilimzuia kuingia.

"Wamesemaje?" akauliza.

"Wamesema utaendelea kunivumilia."

Mwanamume yule akalia mbele ya watu wote, wala hakuona haya.