Ukuta wa Kadibodi

Kila alasiri baada ya shule, Ngaio alipitia makumbusho ya mji wao wa Waimārie. Mama yake, Rāhera, alikuwa akisanifu humo ukumbi wa kazi mbili: siku za kawaida mgahawa, siku za sherehe kuta zikunjwe, meza zisogezwe, watu wacheze. Alikuwa ametengeneza mfano wa kadibodi. Ijumaa wakubwa wa makumbusho wangekuja kuukagua, na wakiukataa, kazi angepewa mtu mwingine.

Tatizo lilikuwa ukuta mmoja, ule wa kuelekea chumba cha sanamu za mababu. Mama aliuacha umekunjwa. Kesho yake aliukuta umefungwa na kugandishwa kwa gundi. Aliubandua. Ukagandishwa tena.

Ngaio alimshuku Tavita, mpishi Msamoa wa makumbusho, aliyekuwa akinung'unika kwamba jiko alilochorewa ni dogo. "Kikulacho ki nguoni mwako," alijisemea. Tangu hapo akamwangalia kwa jicho la pembeni. Hata mkate wake wa nazi aliukataa.

Ijumaa wakubwa walifika. Mama alipouvuta ukuta, haukusogea. Uso ukamshuka.

"Ni yeye!" Ngaio alifoka, akimnyooshea Tavita kidole. "Anataka mama akose kazi!"

"Mimi?" Tavita alishangaa. Akavua aproni taratibu. "Kama ndivyo mnavyoniona, basi pikeni wenyewe."

"Vaa aproni yako, Tavita," alisema Bibi Kahurangi, mama yake Rāhera, mtunzaji wa chumba cha mababu. "Gundi ni yangu. Rāhera, ukuta huu ukikunjwa, masahani ya nyama yanatazamana na mababu. Kwetu ni mwiko. Tangu lini tukala mbele yao?"

Mama alishika kichwa. "Jamani! Nimefikiria viti, nikawasahau mababu wenyewe. Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilidhani binti yangu hahitaji kuambiwa."

Mama alichukua mkasi. Ukuta ule akaufunga moja kwa moja, akafungua wa upande wa bustani, na penye mlango wa mababu akachora bomba la kunawia mikono, ili anayetoka kwao anawe kabla ya kwenda kula. Wakubwa wakakubali.

Ngaio alitamani ardhi immeze. "Anko Tavita, nisamehe."

"Na mkate wangu je?"

"Nitakula."

"Nje, bustanini!" Bibi alidakia. Kisha akamshika mjukuu wake bega. "Sote tumekosa. Mimi ningesema, na wewe ungeuliza, asingeaibishwa mtu asiye na kosa. Ukimshuku mtu, mjukuu wangu, anza kwa kumuuliza."