Kisanduku cha Nyuma Hakifunguliwi

Ilikuwa siku ya soko Machakos mjini, watu wanakanyagana, na Wavinya alikuwa amebeba kompyuta kifuani kama mtoto mgonjwa. Gauni lake la manjano lilikuwa limeshika vumbi. Alikuwa akiipeleka kwa fundi wa pancha, kando ya stendi, ikapulizwe kwa kompresa. Ndiyo, kompresa ya kujaza tairi upepo! Usicheke. Wako wengi wenye maduka ya kuchapa wanaofanya hivyo, na ikiharibika wanasema ilikuwa feki.

Fundi alikuwa ameshaelekeza mpira wa upepo wakati kijana mmoja aliyekuja na pikipiki alipomdaka mkono.

"Wee! Ngoja! Huo upepo uko na maji!"

"Na wewe ni nani?" Wavinya akawaka.

"Naitwa Kimanzi. Leta mkono, madam." Akamvuta mpira fundi, akampulizia Wavinya kiganja kwa ule upepo. Matone madogo yakabaki pale, maji na mafuta. "Hiyo ingeingia ndani, ungelia."

Alikuwa na mwanya, na shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka. Wavinya aliona yote mawili.

"Nikusafishie? Mimi ndiye huangalia kompyuta za shule moja hapa juu."

"Utaguza stima?"

"Kompyuta umeibeba mwenyewe. Stima itatoka wapi, kwa gauni?"

Wavinya hakucheka. Ndugu yake Musyoka aliuawa na stima kule Masii. Alikuwa ameinama akirekebisha mashine ya kusaga, mtu akawasha swichi bila kujua. Tangu siku hiyo Wavinya akiona soketi moyo unamwenda mbio. Na kazi yake, maskini, ni kuchapa programu za mazishi, zile karatasi za ratiba, kwa kompyuta! Kila asubuhi anawasha huku akiomba Mungu.

Kimanzi alimsafishia nje ya duka la Wavinya, kwenye baraza. Alibonyeza kitufe cha kuwashia akakishikilia ili stima iliyobaki iishe, akagusa chuma cha sanduku, akafungua kifuniko cha kando. Aliizuia feni kwa kidole isizunguke, akaitoa vumbi kwa brashi laini na kipulizio kidogo cha mkono. Kisha akaonyesha kisanduku kilichoko nyuma, kile kinachoingia waya wa ukutani.

"Hiki hakifunguliwi. Hata ukichomoa waya, kinakaa na stima ndani."

"Apa hutakifungua. Hata cha mtu mwingine."

"Naapa, mrembo."

"Nani mrembo wako?"

"Si huyo anayeuliza!"

Basi mapenzi yakashika. Simu asubuhi, simu mchana. "Umekula, wakwa, mpenzi wangu?" "Nimekula, lakini chakula bila wewe hakina chumvi." "Muongo mkubwa!" Na Wavinya akicheka hivyo, wateja wanangoja.

Alasiri moja walikuwa wakiongea, Kimanzi akisafisha kompyuta za shule, mara pa! Kishindo. Mtu akapiga yowe. Simu ikakatika.

"Kimanzi? Kimanzi!" Akapiga tena. Mteja hapatikani. Woi! Wavinya alitoka mbio, duka akaliacha wazi, akarukia pikipiki ya kwanza aliyoiona. Njia nzima alimwona Musyoka amelala kwenye sakafu yenye unga.

Alimkuta Kimanzi ameketi kwenye ngazi za shule, kidole kimefungwa kitambaa, simu imepasuka kando yake. Na anatabasamu!

"Pole, wakwa. Ni shoti kidogo tu, nikaangusha simu."

"Ulifungua kisanduku."

"Kilikuwa kimejaa vumbi, nikaona..."

"Ulifungua?"

"Nilifungua. Lakini si unaniona niko sawa? Unaogopa bure."

Hilo neno bure ndilo lililomchoma. "Mimi nimezika mmoja," Wavinya akasema. "Wa pili siwezi. Usinipigie tena."

Na hakupokea simu zake. Alilia sana, lakini hakupokea. Kimanzi, mjinga yule, alidhani mwenzake ana hasira tu, kwamba zitaisha.

Kiangazi kikakaza. Kompyuta ikaanza kunguruma na kujizima yenyewe, na kuna familia ya Matuu inangoja programu ya mazishi ya baba yao. Wavinya akapiga simu.

"Usikuje," alisema hata kabla ya salamu. "Nielekeze tu. Nataka kufanya mwenyewe."

"Wavinya, niko hapa stendi, nakuja."

"Nimesema usikuje! Nikishindwa na hii nitaishi na woga mpaka nizeeke."

"Sawa. Zima. Chomoa waya kwa ukuta. Umechomoa?"

"Nimechomoa. Kimanzi, naogopa."

"Pole pole. Bonyeza ya kuwasha, shikilia. Guza chuma. Fungua kando. Shika feni na kidole, halafu upanguse."

"Na kisanduku cha nyuma?"

"Usifungue!" Alipiga kelele mpaka watu wa stendi wakageuka. "Brashi juu ya matundu tu, kwa nje."

Vumbi lilitoka mafungumafungu, Wavinya akapiga chafya, akafunga kifuniko. "Sasa narudisha waya," alisema, akaweka simu mezani ili ashike kwa mikono miwili. Akainama chini ya meza, akafumba macho, akawasha.

Kimanzi alisikia swichi. Akasikia kitu kizito kikianguka, halafu kimya.

"Wavinya? Nijibu! Wavinya!"

Hakujua ni kiti kilichoanguka, wala kwamba simu ya Wavinya imezima kwa kuishiwa chaji. Alikimbia katikati ya watu na magari, akakoswakoswa na lori, akaingia dukani shati jeupe limetoka nje, uso umelowa machozi. Wavinya alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, anachapa.

"Uko hai," Kimanzi akasema, akaketi sakafuni pale pale. "Njia yote nilikuwa nakuzika."

"Simu ilizima. Niko sawa."

"Nilikuambia unaogopa bure. Nisamehe. Sikujua inauma hivi."

Wavinya alipiga magoti, akamfuta uso kwa kiganja.

"Nataka kupeleka mbuzi za ntheo kwenu," Kimanzi akasema, "wazee wajue nimekuchumbia. Na kile kisanduku sifungui tena, hata shule ifungwe."

"Mwaitu ni mama aliyezika mtoto kwa sababu ya stima. Atauliza kazi yako."

"Mwambie nauza viatu."

"Nitamwambia ukweli, kwamba unashika stima. Atalia, na mimi nitalia na yeye. Halafu atakuwekea chai."