Tayari na Mlango Uliogoma

Nyumbani walimwita Tayari, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimuuliza kama ameosha vyombo, "Tayari!" Amepiga deki? "Tayari!" Ukienda kuangalia, vyombo vinakukodolea macho na sakafu haijaonja maji.

"Umechaji simu yangu?" mama yake, fundi cherehani, alimuuliza asubuhi hiyo huku akipakia sare za wateja garini.

"Tayari, mama!"

Wapi! Chaja ilikuwa mezani, hata haijaguswa.

Gari lenyewe lilikuwa la umeme. Mama alilinunua kampuni ilipokuwa bado changa, enzi ambazo fundi wao alipiga simu mwenyewe kuuliza, "Gari linaendeleaje, dada?" Siku hizi magari yao yamejaa kila barabara, na ukipiga simu unajibiwa na mashine. Mama alishalalamika kwamba milango inagoma kufunguka. Akaletewa ujumbe kuwa tatizo lake limetatuliwa, na hakuna aliyeligusa hilo gari.

Walipofika nyuma ya maduka, mama alimwachia Tayari simu. "Mwangalie mdogo wako. Nashusha hizi sare, narudi sasa hivi."

Haikupita muda, taa zote za gari zikazima. Kiyoyozi nacho kikanyamaza. Tayari akabonyeza kitufe cha mlango: kimya. Cha dirisha: kimya. Nje jua lilikuwa la utosi. Alipiga kioo kwa ngumi mpaka mikono ikamuuma, lakini uani pale hapakuwa na mtu. Mdogo wake alilia, akalia, kisha akaanza kulegea. Tayari aliogopa mno.

Kwenye kioo cha mbele palibandikwa namba ya huduma kwa wateja. Akapiga.

"Simu yako ni muhimu kwetu," mashine ikasema. "Tafadhali subiri." Kisha muziki.

Simu ikalia kuonya kwamba chaji inakwisha. Lo! Laiti angeichaji kweli! Machozi yakamtoka.

Hatimaye ikasikika sauti ya mwanamke. "Huduma kwa wateja. Naomba nikuhamishie kitengo cha..."

"Usinihamishe, dada, nakuomba! Tumefungiwa ndani ya gari, mdogo wangu halii tena!"

Mhudumu alishtuka. Alisikika akiita, "Fundi! Njoo upesi!" Kisha akarudi. "Sikiliza, mdogo wangu. Papasa chini ya mfuko wa mlango, kuna..."

Simu ikazima.

"Kuna nini? Dada! Kuna nini?"

Tayari aliingiza mkono chini ya mfuko. Akagusa vumbi. Akagusa karatasi za pipi. Akagusa kamba nyembamba, akaivuta kwa nguvu zake zote.

Mlango ukafunguka. Hewa ikaingia, mtoto akakohoa, kisha akaangua kilio. Tayari alimkumbatia akalia naye, mpaka mama, aliyecheleweshwa na wateja, alipowakuta na kuwakimbiza zahanati. Mtoto alikuwa salama. Hapo ndipo Tayari alipoeleza yote, na ya chaja pia.

Jioni mhudumu yule, aliyeitambua namba ya mama kwenye kumbukumbu za wateja, alifika nyumbani pamoja na fundi. Fundi aliinamia milango ya gari. Mhudumu alikaribishwa kiti, akashindwa kukaa.

"Mama, lile lalamiko lako nililifunga mimi," alisema. "Wateja wamekuwa wengi, wakubwa wanataka malalamiko yaishe haraka. Nikaandika limetatuliwa. Nisamehe. Kesho naanza kuwapigia wote niliowafanyia hivyo."

Mama alimtazama mhudumu, kisha Tayari.

"Wewe ulisema gari limetengenezwa, na huyu wangu akasema simu ina chaji," alisema. "Uongo wenu ulikutana ndani ya gari langu, nusura nimzike mwanangu. Kazi haiishi kwa kusemwa imekwisha. Inaisha kwa kufanywa."

Tayari aliinamisha kichwa. Mama akamvuta, akamfuta machozi kwa kanga yake.

Wageni walipoondoka, mama aliuliza taratibu, "Simu umeichaji?"

Tayari akafungua kinywa. Akakifunga.

"Bado, mama," akasema, akaifuata chaja mezani.